Jozi Mbili Ndogo: Hesabu na Hadaa ya Karata Nne katika Poka ya Omaha

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba si kila king'aacho ni dhahabu. Muhula uliopita, katika chumba kimoja cha bweni, wanafunzi sita walikaa kitako kuizunguka meza ndogo wakicheza poka ya Omaha. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa nne aligawiwa tano ya kopa, tano ya shupaza, nne ya uru na nne ya pau. Uso ukamkunjuka. Karata tatu za kwanza za mezani zilipofunuliwa, zilikuwa tano ya uru, tisa ya pau na ghulamu wa kopa. Sasa alikuwa na tano tatu, na hakuona sababu ya kusita. Akaweka yote aliyokuwa nayo. Mmoja wa wapinzani wake akamfuata bila kupepesa jicho, na mwishoni akaweka wazi ghulamu wawili waliokuwa mkononi mwake. Pamoja na yule wa mezani wakawa ghulamu watatu. Fedha zilizokwenda ni shilingi 2,400, ambazo mamake alikuwa amemtumia kwa ajili ya kuchapisha na kujalidi tasnifu yake.

Usiku ule mwenzetu alirudia kauli moja kama mtu anayelalamikia dhuluma: "Lakini ndugu zangu, nilikuwa na jozi mbili hata kabla ya karata za mezani kufunuliwa!" Kauli hiyo ndiyo chimbuko la makala haya. Ndani yake mna kosa ambalo humgharimu karibu kila mgeni wa mchezo huu, nalo ni kudhani kwamba jozi mbili ndogo ni utajiri mara mbili. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa hesabu ambayo msomaji anaweza kuirudia mwenyewe kwa kalamu na karatasi, kwamba karata za namna hiyo zina thamani ya aina moja tu, kwamba thamani hiyo haipatikani mara nyingi, na kwamba hata inapopatikana huja na hatari yake.

Hatunuii kumshawishi yeyote acheze kamari. Hata hivyo, ni vyema ikumbukwe kwamba taaluma nzima ya hesabu za uwezekano ilipata msukumo mkubwa katika barua walizoandikiana Blaise Pascal na Pierre de Fermat mwaka wa 1654, na suala walilolijadili lilihusu mgawanyo wa fedha za mchezo wa kamari uliokatizwa kabla ya kufika mwisho. Ikiwa wanazuoni hao hawakuona haya kuanzia kwenye meza ya kamari, nasi wanafunzi wa Kiswahili hatuna sababu ya kuona haya kuyaeleza mambo hayo kwa lugha yetu.

Istilahi za Mchezo

Kiswahili hakianzi na mikono mitupu katika uwanja huu. Neno karata lenyewe, pamoja na neno meza, yalitufikia kutoka kwa Wareno, ambao walifika katika pwani yetu mwaka wa 1498. Majina ya aina nne za karata, yaani kopa, uru, pau na shupaza, yana asili hiyo hiyo. Karata ya moja wacheza karata wa pwani huiita ree. Zile za picha tutaziita mfalme, malkia na ghulamu.

Neno moja linahitaji tahadhari. Katika matumizi ya kawaida, jozi ya karata huweza kumaanisha karata zote 52 kwa jumla. Katika makala haya, jozi ni karata mbili zenye thamani sawa, kwa mfano tano mbili. Karata tatu zenye thamani sawa tutaziita utatu, na nne tutaziita unne. Karata tano zinazofuatana, kama vile tatu, nne, tano, sita na saba, ni mfuatano. Karata tano za kopa tupu, au za shupaza tupu, ni aina moja. Utatu ukiandamana na jozi, tutasema utatu-na-jozi. Kwa mpangilio wa nguvu kutoka chini kwenda juu, kuna jozi, jozi mbili, utatu, mfuatano, aina moja, utatu-na-jozi, unne, na hatimaye mfuatano wa aina moja. Fedha zilizokusanyika katikati ya meza tutaziita fungu, na kile anachoweka mchezaji kwa zamu yake ni dau.

Asili ya Mchezo na Kanuni Zake

Mchezo huu umezaliwa Marekani. Unabeba jina la Omaha, mji wa jimbo la Nebraska, lakini uliposhika mizizi ni Las Vegas, mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale mchezaji Robert Turner alipompelekea Bill Boyd, aliyesimamia chumba cha poka katika kasino ya Golden Nugget. Baadaye ulivuka bahari na kupendwa sana barani Ulaya, hususan ule wenye kikomo cha fungu, ambao ndio tunaouzungumzia hapa.

Kila mchezaji hugawiwa karata nne ambazo huziona peke yake. Baada ya duru ya kwanza ya kuweka madau, karata tatu hufunuliwa mezani kwa pamoja. Huu tutauita mfunuo wa kwanza. Madau huwekwa tena, kisha hufunuliwa karata moja, ambayo ni mfunuo wa pili. Madau huwekwa kwa mara nyingine, na karata ya tano hufunuliwa katika mfunuo wa tatu. Baada ya duru ya mwisho ya madau, waliosalia huonyeshana karata zao.

Kanuni kuu ya Omaha, ambayo mgeni huisahau kila mara, ni kwamba mchezaji hana budi kutumia karata mbili za mkononi mwake na tatu za mezani. Haruhusiwi kutumia moja, tatu wala nne za mkononi. Sharti ziwe mbili kamili.

Kuhusu kikomo cha fungu, kanuni ni kwamba mchezaji hawezi kuongeza dau kupita kiasi kilichomo katika fungu baada ya yeye kulifuata dau lililotangulia. Tuchukue mfano. Fungu lina shilingi 300 na mpinzani ameweka 300. Ukilifuata dau lake kwa 300, fungu hufika 900. Basi waweza kuongeza 900 nyingine, na kwa jumla utakuwa umeweka 1,200. Wengi hudhani kwamba kikomo hiki ni kinga ya mfuko wa mchezaji. Tutaona baadaye kwamba kinga hiyo ina matundu.

Karata Nne, Michanganyo Sita

Kwa vile mchezaji hutumia karata mbili katika nne, karata zake nne zinampa michanganyo sita ya karata mbili mbili. Hapa ndipo siri ya mchezo ilipojificha. Mwenye kumi, tisa, nane na saba ana michanganyo sita iliyo tofauti: kumi na tisa, kumi na nane, kumi na saba, tisa na nane, tisa na saba, nane na saba. Kila mmoja wao unaweza kukutana na karata za mezani kwa namna yake.

Mwenzetu aliyekuwa na tano mbili na nne mbili alikuwa pia na michanganyo sita, lakini tuihesabu. Mmoja ni tano na tano. Wa pili ni nne na nne. Minne iliyosalia yote ni tano na nne, tano na nne, tano na nne, tano na nne. Kwa hiyo, ana michanganyo ya namna tatu pekee. Karata zake zinarudia usemi mmoja kama mhutubu aliyeishiwa na hoja.

Aidha, kauli yake kwamba alikuwa na jozi mbili tangu mwanzo haikuwa kweli. Tuseme karata za mezani ni mfalme, malkia, tisa, saba na mbili. Mgeni atasema ana jozi mbili, yaani tano na nne. Kanuni haimruhusu kusema hivyo, kwa kuwa angehitaji kutumia karata nne za mkononi. Akitumia tano mbili, ana jozi moja ya tano pamoja na mfalme, malkia na tisa. Akitumia nne mbili, ana jozi moja ya nne. Mpinzani mwenye saba moja na mbili moja mkononi, karata ambazo mtu angezidharau, ana jozi mbili za kweli na anamshinda. Jozi mbili za mkononi katika Omaha haziunganiki kamwe. Kila moja inajitegemea, kama wapangaji wawili wanaoishi nyumba moja bila ya kupikiana.

Hesabu ya Mfunuo wa Kwanza

Karata nne zinaweza kuchaguliwa katika karata 52 kwa njia 270,725. Kati ya hizo, zenye jozi mbili tofauti ni 2,808, ambayo ni asilimia moja na kidogo. Tukichukua jozi ndogo pekee, kuanzia mbili hadi saba, tunapata 540. Hii ina maana kwamba mchezaji atazipata takriban mara moja katika kila ugawaji 500. Uadimu huo ni sehemu ya hadaa, kwa maana binadamu hukithamini kilicho adimu hata kama hakina faida.

Tumeshaona kwamba jozi ndogo peke yake haina nguvu. Thamani yake hutokea pale karata ya thamani hiyo hiyo inapofunuliwa mezani na kuigeuza kuwa utatu. Mwenye tano mbili na nne mbili amebakiwa na karata nne za kumwokoa, yaani tano mbili na nne mbili nyingine, miongoni mwa karata 48 asizoziona. Mfunuo wa kwanza una michanganyo 17,296 ya karata tatu. Ile isiyo na hata moja kati ya karata zake nne ni 13,244. Iliyobaki, yenye angalau moja, ni 4,052. Huu ni uwezekano wa asilimia 23.4.

Tuwe waadilifu hapa. Katika poka ya Texas, ambapo mchezaji hugawiwa karata mbili pekee, mwenye jozi moja hupata karata ya kumwokoa katika mfunuo wa kwanza kwa asilimia 11.8. Kwa hiyo jozi ya pili inaongeza uwezekano karibu maradufu, na faida hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, upande wa pili wa asilimia 23.4 ni asilimia 76.6. Zaidi ya mara tatu katika kila nne, mchezaji huyu ataona karata tatu za mezani ambazo hazimpi chochote cha kutegemea, naye atapaswa kuzitupa karata zake.

Tuiangalie zaidi ile mifunuo 4,052 ya heri. Katika 92 kati yake, mchezaji hupata unne papo hapo. Katika 264, karata nyingine mbili za mezani zinakuwa jozi, naye hupata utatu-na-jozi. Inayosalia ni 3,696, na katika hiyo anapata utatu mtupu. Yaani, zaidi ya mara tisa katika kila kumi za bahati yake, kile alichokipata ni utatu ambao bado unaweza kushindwa.

Utatu Mdogo mbele ya Utatu Mkubwa

Sasa tunafika kwenye kiini cha hoja yetu. Utatu mtupu una uzito gani? Jibu linategemea kama mezani kuna karata iliyo kubwa kuliko ya utatu huo. Kama ipo, mpinzani mwenye jozi ya karata hiyo mkononi ana utatu mkubwa zaidi.

Kwa mwenye tano mbili na nne mbili, utatu wake utakuwa mkubwa kuliko wowote unaoweza kuwapo mezani ikiwa tu karata nyingine zote ni ndogo kuliko tano, na hazitoshi zilizo ndogo kuliko tano. Tukihesabu moja baada ya nyingine, miongoni mwa mifunuo 3,696 inayompa utatu mtupu, ni 96 tu inayoufanya utatu wake uwe wa juu kabisa. Hiyo ni asilimia 2.6. Katika asilimia 97.4 iliyosalia, mezani kuna angalau karata moja inayoweza kumpa mpinzani utatu mkubwa kumliko.

Tulinganishe na mwenye wafalme wawili na malkia wawili. Naye pia ana mifunuo 3,696 inayompa utatu mtupu. Lakini kwake yeye, mifunuo 3,040 inaufanya utatu wake uwe wa juu kabisa, yaani asilimia 82. Kinachoweza kumzidi pale mezani ni ree peke yake, kwa kuwa mfalme akifunuliwa humpa yeye mwenyewe utatu wa wafalme. Wachezaji hawa wawili wana uwezekano ule ule wa kupata utatu, asilimia 23.4 kila mmoja. Tofauti yao ni kile kinachofuata baada ya kuupata. Mmoja amepata ngome, mwingine amepata kibanda ambacho kwa mbali kinafanana na ngome.

Msomaji atauliza: je, mpinzani atakuwa na jozi hiyo kubwa mara ngapi? Turejee meza ya mwenzetu, ambapo kulikuwa na tano, tisa na ghulamu. Mpinzani mmoja aliyeshika karata nne zozote zile ana uwezekano wa asilimia 3.5 wa kuwa na ghulamu wawili au tisa mbili. Ni kidogo. Lakini wapinzani wakiwa watano, uwezekano kwamba angalau mmoja wao anazo hukaribia mara moja katika kila sita. Isitoshe, watu hawabaki mchezoni na karata zozote zile. Wenye ghulamu wawili hubaki, wenye karata hafifu hutupa. Na anayekubali kufuata madau makubwa mpaka mwisho si mtu yeyote tu. Mara nyingi ni yule aliyeshika utatu mkubwa, au anayengojea mfuatano au aina moja. Kwa hiyo, kadiri fungu linavyokua ndivyo utatu mdogo unavyozidi kupungukiwa na thamani.

Kimbilio la mwenye utatu mdogo ni kuugeuza kuwa utatu-na-jozi au unne. Baada ya mfunuo kama ule wa tano, tisa na ghulamu, uwezekano wa jambo hilo kutokea katika mifunuo miwili iliyobaki ni takriban asilimia 34.5, zaidi kidogo ya theluthi moja. Nazo nne mbili zilizobaki mkononi hazimfaidii sana, kwani nne ikifunuliwa mezani haimpi utatu-na-jozi. Inamwachia utatu wa tano aliokuwa nao. Na hata akiupata utatu-na-jozi, mwenye ghulamu watatu huenda ameupata pia katika mfunuo huo huo, tena ulio mkubwa zaidi.

Bei ya Kuona Mfunuo

Chovyachovya humaliza buyu la asali. Methali hii ni sheria ya kihesabu kwa mwenye jozi mbili ndogo. Tuchukue mfano wa kubuni ulio mwepesi. Wachezaji watano wanaweka shilingi 20 kila mmoja ili kuona mfunuo wa kwanza. Fungu lina shilingi 100, na kati ya hizo 80 ni za wenzako. Unafanya hivyo mara 100.

Mara 77 hutapata kitu, nawe utatupa karata na kupoteza shilingi 20 kila mara. Jumla ni 1,540. Mara 23 utapata utatu au zaidi. Ili kufidia hasara, kila moja ya mara hizo 23 inapaswa kukuletea shilingi 67. Na kwa kuwa katika fungu kuna shilingi 80 za wenzako zinazokungoja, mgeni husema: faida ipo mkononi!

Sasa tuseme kwamba mara 5 kati ya hizo 23 unakutana na utatu mkubwa, mfuatano au aina moja, na kila mara unapoteza shilingi 400 kwa jumla. Hasara mpya ni 2,000. Ukijumlisha na ile 1,540 unapata 3,540, na sasa zimebaki mara 18 tu za kuifidia. Kila moja inapaswa kuleta shilingi 197. Mashaka hayo matano yameongeza bei karibu mara tatu. Shilingi 80 za fungu hazitoshi tena, bali utahitaji wapinzani wakubali kukupa 117 zaidi kila unaposhinda. Na kama mtu ameongeza dau kabla ya mfunuo wa kwanza, ukalipa shilingi 60 badala ya 20, mambo mengine yakibaki vile vile, kila ushindi utapaswa kuleta takriban shilingi 368. Ndiyo maana wajuzi husema kwamba jozi mbili ndogo ni karata za bei nafuu au za kutupa. Hapa hatujataja bado ada ambayo kasino hukata katika kila fungu, nayo humpunguzia mshindi lakini haimrudishii aliyeshindwa.

Hapa ndipo tunapoyaona matundu ya ile kinga ya kikomo cha fungu. Fungu lenye shilingi 100, wachezaji wawili wakiweka dau kamili la fungu katika kila duru, hufika 300 baada ya mfunuo wa kwanza, 900 baada ya wa pili na 2,700 baada ya wa tatu. Kila mmoja wao atakuwa ameweka shilingi 1,300 juu ya zile 20 za mwanzo. Aliyeingia kwa bei ya chai anaweza kutoka akiwa amelipia kodi ya chumba.

Jozi Ndogo Zilizo Bora na Zilizo Duni

Baada ya kuyasema hayo, si haki kuzitia jozi zote ndogo katika kapu moja. Ziko sifa nne zinazozitofautisha.

Kwanza, ukaribu wa jozi. Tano na nne zinafuatana, hivyo ule mchanganyo wa tano na nne unaweza kujenga mfuatano. Mezani pakiwa na tatu, sita na saba, mwenye tano na nne ana mfuatano ulio bora kuliko wowote unaowezekana pale. Saba mbili na mbili mbili hazina msaada huo, kwani saba na mbili haziwezi kuingia katika mfuatano mmoja. Lakini hata hapa kuna mtego. Mezani pakiwa na sita, saba na nane, tano na nne huunda mfuatano wa chini, na yeyote mwenye kumi na tisa anao wa juu.

Pili, mshikamano wa aina. Kwa kila jozi mbili za thamani fulani kuna michanganyo 36. Katika 6 kati yake, jozi zote mbili zina aina zile zile, kwa mfano sita na tano za kopa, na sita na tano za shupaza. Katika 24, zinashirikiana aina moja tu. Katika 6 zilizosalia hazishirikiani aina yoyote, kama ilivyokuwa kwa mwenzetu. Mshikamano huo ni msaada wa akiba. Haifai kuutegemea mno, maana aina moja inayoongozwa na sita hushindwa na kila aina moja iliyo juu yake.

Tatu, nafasi ya kuketi. Anayecheza mwisho katika duru huona wenzake wamefanya nini kabla yake. Akiwa na utatu wa tano, na mbele yake mtu ameweka dau kamili na mwingine ameliongeza, amepewa habari ambayo hakuna hesabu ingeweza kumpa. Anayecheza mwanzo husema kabla ya kusikia.

Nne, ukubwa wa fedha zilizo mbele ya wachezaji. Jozi ndogo zinahitaji wapinzani wenye fedha za kutosha kuwalipa wanaposhinda. Lakini fedha hizo hizo ndizo zinazoufanya utatu mdogo uwe ghali pale unaposhindwa. Kwa hiyo mchezaji asiyeweza kuutupa utatu mdogo hana faida yoyote ya kukaa kwenye meza yenye fedha nyingi.

Kutokana na sifa hizi, mwongozo unajipa wenyewe. Jozi mbili ndogo zinazofuatana, zenye aina zinazoshirikiana, mchezaji akiwa mwishoni mwa duru na bei ikiwa nafuu, zinafaa kuonewa mfunuo wa kwanza. Zisizofuatana, zisizo na aina ya pamoja, mchezaji akiwa mwanzoni mwa duru au dau likiwa limeongezwa, zitupwe bila majuto. Utatu usipopatikana katika mfunuo wa kwanza, na pasiwe na dalili ya mfuatano ulio bora, zitupwe. Na utatu mdogo ukipatikana, mchezaji asiweke mali yake yote kabla ya kujiuliza swali moja: ni nani huyu anayekubali kunilipa, na ana nini?

Hitimisho

Tumeona kwamba jozi mbili ndogo katika Omaha haziungani kuwa kitu kimoja, kwamba michanganyo yake sita ni ya namna tatu tu, kwamba zaidi ya mara tatu katika nne haziambulii kitu katika mfunuo wa kwanza, na kwamba utatu unaotokana nazo ni wa juu kabisa kwa asilimia 2.6 tu. Kosa la mwenzetu halikuwa kukutana na ghulamu watatu. Hilo lingeweza kumpata yeyote. Kosa lilikuwa kuamini kwamba alichokishika kilikuwa na thamani tangu mwanzo, na kwa sababu hiyo hakujiwekea mahali pa kusimama.

Hili si somo la karata peke yake. Mtu akikipenda kitu kwa sura yake kabla ya kukipima, hushindwa kukiacha hata dalili zote zinapomwambia akiache. Ugumu wa jozi ndogo hauko katika kuzicheza, uko katika kuzitupa mara 77 katika kila 100, na pengine mara chache zaidi baada ya hapo, zile ambazo utatu wenyewe unapaswa kuachwa. Asiyekuwa na subira hiyo, afadhali asiketi. Na aliye na fedha za tasnifu mfukoni asiketi kabisa, awe na subira au asiwe nayo, kwa kuwa hesabu hizi zote humfaa yule tu anayeweza kupoteza bila kuumia.

Mwenzetu alikopa, akachapisha, akajalidi na kuiwasilisha kazi yake ikiwa imechelewa kwa wiki mbili. Siku hizi mchezo katika chumba kile unachezwa kwa maharagwe. Juzi aligawiwa saba mbili na tatu mbili, akaziangalia, akazitupa, kisha akamwomba aliyeketi kando yake amsogezee chai.